Mchezo wa kumtambua mtu kwa shairi: nyota moja, na hiyo moja ni ya shakwe

Sina kawaida ya kuandika maoni kuhusu programu za simu. Ikiniudhi naifuta, ikinifurahisha naitumia, basi. Ila hii imenikwama kooni, na mwanangu kashachoka kunisikiliza, kwa hiyo leo zamu yenu.

Mchezo wenyewe mnaujua, au mtausoma kwenye ukurasa wa kupakulia. Kila siku unapewa ubeti mmoja wenye vina, unamzungumzia mtu maarufu bila kumtaja, nawe unaandika jina. Nafasi ni moja tu. Ukipata, mfululizo wako unaongezeka siku moja. Ukikosa, unarudi sifuri. Hayo ya rangi, sauti na ukubwa wa faili siyajui na hayanihusu.

Mimi nilifika siku 63, na siku hizo sikuziokota. Tumezipata mimi na mwanangu, kila usiku kabla ya kulala, simu katikati yetu, yeye akibahatisha haraka haraka kama anayekimbiza basi, mimi nikihesabu mizani, yaani silabi za kila kipande cha mshororo, kwa vidole. Ndiyo, nahesabu mizani, ni ugonjwa wangu. Na kwa siku zote 63 mizani ilitimia, nane kwa nane, ndiyo maana niliupenda mchezo huu kuliko mingine yote ya aina yake. Nilisema moyoni: huku kuna mtu anayeijua kazi.

Halafu ikaja ile siku. Mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, sikumbuki vizuri. Fumbo lilikuwa hili, nimelinakili neno kwa neno:

Ni gwiji wa maabara, jina limevuma sana,
Kapewa Nobeli mara, mbili, watu wakanena,
Ya kemia iling'ara, na nyingine ikafana,
Mtaje bila papara, nani huyu wa maana?

Tuanze na mshororo wa pili, maana hata kabla ya hasira ulinikera. "Mara" imeachwa ikining'inia kwenye ukwapi, kile kipande cha kwanza, "mbili" imerushwa utao, kipande cha pili, eti kwa ajili ya kina cha -ra. Mizani imetimia, sawa, lakini mshororo umekatika kiuno. Nikasema haidhuru, kila fundi ana siku yake mbaya.

Mwanangu akasema palepale, "Mama, ni Curie huyo."

"Umejuaje?"

"Siku zote ni Curie."

Hilo ndilo lililoniponza. Siku zote ni Curie! Kama mshairi kapoteza mishororo minne kunitega, nikasema, haiwezekani jibu liwe lile ambalo mtoto analitoa kabla hajamaliza kusoma. Nikamwambia subiri, tusome kama watu.

Waliopewa Nobel mara mbili ni watano. Marie Curie, fizikia 1903 na kemia 1911. Linus Pauling, kemia 1954 na ile ya amani ya 1962, iliyotangazwa mwaka uliofuata. John Bardeen, fizikia zote mbili, 1956 na 1972. Frederick Sanger, kemia zote mbili, 1958 na 1980. Na Barry Sharpless, kemia tena zote mbili, 2001 na 2022. Sasa rudini kwenye ubeti. "Ya kemia iling'ara, na nyingine ikafana." Anayetoka hapo ni Bardeen peke yake. "Nyingine" haisemi ni ya nini. Inaweza kuwa fizikia, inaweza kuwa amani, inaweza kuwa kemia ileile kwa mara ya pili. Watu wanne wamesimama mlangoni na wote wana ufunguo.

Nikabonyeza dokezo, ambalo linakula alama nilizokusanya kwa siku nyingi. Dokezo likasema: "Mwenzi wake alikuwa naye bega kwa bega katika kazi." Nikacheka kwa furaha. Mwanangu akasema umeona, Pierre huyo, mumewe Curie. Nikamwambia mwanangu, tulia, Ava Helen huyo! Mkewe Pauling ndiye aliyemvuta kwenye harakati za kupinga majaribio ya silaha za nyuklia, na bila harakati hizo ile tuzo ya amani asingeiona. Nikaona mtungaji kaniwekea mtego mzuri ajabu: kila mtu akimbilie Curie, mwenye kusoma afike kwa Pauling.

Nikaandika Linus Pauling. Nikabonyeza.

Simu ikatetemeka mkononi. Kuna kibundi kimoja kwenye programu hii, ukipata kinapiga mabawa. Ukikosa kinafumba macho na kutikisa kichwa, pole pole, kushoto, kulia, kushoto tena, na huwezi kukiruka, lazima ukitazame mpaka kimalize. Kikatikisa. UMEKOSA. Jibu: Marie Curie. Mfululizo: 0.

Mwanangu hakusema kitu. Alijifunika shuka mpaka kichwani na nikaona shuka linatikisika.

Nakiri kabisa, Curie ndiye aliyenijia kwanza hata mimi. Nilimkataa kwa kiburi, na kama mtu angeniambia "umejitakia" ningenyamaza. Lakini kosa langu halifuti kosa lao. Swali lenye majibu manne yaliyo sahihi si fumbo, ni bahati nasibu yenye vina.

Nikawaandikia wenye programu. Barua ya heshima, yenye salamu, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, na miaka nikaiweka. Nikaomba jambo moja tu: jibu la pili likubaliwe, na mfululizo wangu urudishwe. Baada ya siku mbili tatu nikajibiwa hivi: "Habari mpendwa mtumiaji! Wenzako wengi wamepata. Tunakushauri usome fumbo kwa utulivu." Na mwisho wake wakaweka kile kisura cha njano kinachokonyeza jicho.

Nisome kwa utulivu! Mimi niliyehesabu mizani! Kama wangesema tu "samahani, haiwezekani", ningekasirika siku moja, yakaisha. Ni lile jicho. Unamkonyeza nani? Umeniona wapi mpaka ukanizoea hivyo? Na hiyo hoja ya kwamba wengi wamepata: wengi wamepata kwa sababu siku zote ni Curie. Hawakusoma fumbo, walisoma neno "Nobeli" wakaandika jina pekee wanalolijua.

Katika kutega vitendawili, mtu akikuletea jibu ambalo hukulitarajia lakini linaingia, mnabishana kidogo, mnacheka, na mtegaji mwenye haya anakubali. Asiye na haya anadai mji. Hawa wamedai mji kwa mtu aliyetegua.

Nikaandika tena, safari hii salamu nimezisahau. Wakajibu kwa mstari mmoja: "Fumbo linasema wazi kuwa ni mwanamke."

Nikausoma ubeti mara tatu. Nikamwita mwanangu ausome yeye, macho yake ni mapya. Ni gwiji. Kapewa. Mtaje. Nani huyu. Mwanamke yuko wapi hapo? Hayupo. Hawezi kuwapo, maana Kiswahili chetu hakisemi. "Alipewa" ni yeyote, "huyu" ni yeyote. Unaweza kumsimulia mtu tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa na msikilizaji asijue ni mume au mke mpaka wewe mwenyewe utake.

Hapo ndipo akili ikanicheza. Nikaingia kwenye mipangilio, nikageuza lugha ya programu kuwa Kiingereza, nikalitafuta fumbo lile lile kwenye kumbukumbu. Nikalikuta. Kiwakilishi cha kike kimekaa pale mwanzoni kabisa, neno la kwanza, na kimerudiwa mara mbili tena chini. Kwa Kiingereza fumbo halina utata hata chembe, kati ya wale watano mwanamke ni mmoja tu. Mfasiri kalivusha kwa Kiswahili, kahangaikia -ra na -na, na dokezo kubwa kuliko yote likamdondoka njiani bila yeye kusikia kishindo. Na mhudumu, nina hakika, analo fumbo la Kiingereza mbele yake huku ananiambia mimi nisome kwa utulivu.

Nikaifuta programu usiku ule ule. Nyota moja, nikasema, na kama kungekuwa na nusu ningetoa nusu.

Ningeishia hapo ingekuwa rahisi.

Wiki moja hivi baadaye, mwanangu, ambaye kumbe kwenye simu yake hakuifuta, akaniletea fumbo la siku. Hakusema kitu, alinisogezea tu simu chini ya pua:

Peke yangu nilipaa, jina shakwe wakanipa,
Na nyota zikashangaa, dunia nikaikwepa,
Kwa mwavuli nikatua, chombo nilishakitupa,
Jina langu ukijua, nitajie hapa hapa.

Jamani. Hapa nilivua miwani.

Mtu wa haraka ataandika Gagarin. Alipaa peke yake Aprili 1961, na yeye pia aliruka kutoka kwenye chombo akatua kwa mwavuli, kama marubani wote wa vile vyombo vya Vostok. Mishororo mitatu kati ya minne inamwingia vizuri. Ila Gagarin jina lake la redioni lilikuwa Kedr, yaani mwerezi. Aliyeitwa Chaika, shakwe, ni Valentina Tereshkova, Juni 1963, mwanamke wa kwanza kufika angani, tena katika chombo peke yake, na kaizunguka dunia mara 48. Neno moja, shakwe, ndege wa baharini, limefanya kazi yote. Halikuhitaji kiwakilishi. Halikusema mke wala mume. Lilikuacha upotee kwa Gagarin kwa hiari yako, na ukipotea huna wa kumlaumu. Na hiyo "dunia nikaikwepa", nimeirudia kwa sauti mara sijui ngapi. Hili halikutafsiriwa, au kama limetafsiriwa basi aliyelitafsiri kakaa nalo chini akalizaa upya.

Tulikosea hata herufi za jina la Tereshkova tulipoliandika, na programu ikatukubalia. Hilo nawapa, kwenye tahajia hawana roho mbaya. Kibundi kikapiga mabawa. Nikairudisha programu kwenye simu yangu siku hiyo hiyo, sioni haya kusema. Nikapandisha kutoka nyota moja hadi tatu, na kwa dakika kadhaa, nikikumbuka shakwe, nikafikiria nne.

Kwa moyo huo mweupe nikawaandikia mara ya tatu. Sikudai mfululizo, nilishausamehe. Nikawapa zawadi: mshororo wa tatu mpya wa lile fumbo la Curie, ili asitegwe mwingine bure. Nikawaambia waondoe ule wa kemia na nyingine, waweke huu:

Elementi kwa busara, kaipa la kwao jina.

Yaani poloni, ya mwaka 1898, ambayo yeye na mumewe waliipa jina la Polandi alikozaliwa. Nane kwa nane, -ra na -na. Pauling hana elementi ya hivyo, Sanger hana, Sharpless hana. Mwanamke hatajwi na bado mlango unabaki na ufunguo mmoja. Si shakwe, najua, lakini niliutunga huku nasubiri maji yachemke.

Safari hii jibu lilikuja upesi. Adabu tele, hakuna jicho. "Asante sana kwa maoni yako mazuri! Tumelifanyia kazi na fumbo limerekebishwa." Nikamwita mwanangu. Nikakaa vizuri. Nikafungua kumbukumbu huku moyo unanidunda kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, nikidhani nitaukuta mshororo wangu mle ndani, wa kwangu mimi, ukisomwa na watu nisiowajua.

Mshororo wa tatu uko vilevile. Ya kemia iling'ara, na nyingine ikafana. "Mara" bado inaning'inia, "mbili" bado iko ng'ambo. Walichorekebisha ni wa nne:

Mtaje bila papara, nani mwanamke huyu wa maana?

Na-ni-mwa-na-m-ke-hu-yu-wa-ma-a-na. Nimehesabu kwa vidole, vikaniishia. Mwanangu akanikopesha viwili vyake. Mizani 12 kwenye kipande cha 8.

Nyota moja. Mfululizo wangu mpya umefika siku 19, na la leo bado sijalifungua, namsubiri mwanangu amalize kuoga.