KeePassDX: daftari la nywila nimelichoma

Nina saiba ndogo Kondele, hapa Kisumu. Kwa miaka mingi nywila zangu zote, za iTax, eCitizen, barua pepe ya biashara na akaunti ya chama, zilikaa kwenye daftari la kurasa 96 chini ya kibodi. Juni iliyopita, wiki ile ya mwisho ambapo foleni ya wanaojaza ritani hufika hadi barabarani, daftari likapotea. Nililipata jioni nyuma ya mashine ya fotokopi. Lakini mchana kutwa, kila mteja aliyeinuka kuondoka nilimtazama mikononi, na watu hao ni majirani zangu.

Kijana anayenitengenezea kompyuta ndiye aliyenielekeza kwa KeePassDX. Ni programu ya Android, ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Nywila zinakaa kwenye faili moja iliyosimbwa ndani ya simu yangu mwenyewe. Bando likiisha, bado naifungua.

Faili hufunguliwa kwa nywila kuu moja. Yangu ni maneno kadhaa ya Dholuo yasiyohusiana hata kidogo. Kwenye mipangilio nilichagua Argon2, hesabu iliyotengenezwa makusudi iwe nzito, ili anayebahatisha agharimike kwa kila jaribio. Mimi nangoja kidogo tu faili ifunguke.

Kwa kazi za haraka natumia alama ya kidole. Wiki jana nilisajili kidole cha binti yangu kwenye simu ili aweze kuwajibu wateja nikiwa benki. Papo hapo KeePassDX ikakataa kidole, hata changu, ikadai nywila kuu. Nilifurahi sana! Ufunguo unaotunzwa na Android hubatilika alama mpya ikiongezwa, kwa hivyo mtu aliyeijua PIN ya simu hawezi kusajili kidole chake akajifungulia.

Mzigo ulio wako ni nakala. Ukisahau nywila kuu hakuna wa kukurudishia, na simu ikiibwa bila nakala, umepoteza vyote. Kila Jumamosi nikishafunga duka nanakili faili kwenye flashi, na flashi ya pili iko kwa mama, Ahero. Karatasi yenye nywila kuu iko Kakamega kwa dada yangu, mbali na flashi zote mbili.

Nywila za wateja siziweki tena, hata wakinisihi. Nawawekea programu kwenye simu zao, bila malipo. Jana mama mmoja anayeuza omena Kibuye alifika kwenye hatua ya nywila kuu, akasita, kisha akanigeuzia mgongo ndipo akaandika. Nikamwambia, "Hivyo hivyo, mama. Hata mimi usinionyeshe."