Ndege ya rimoti ya povu: bodi iko vizuri, viungo ndiyo kasoro

Hii ni ndege ya bawa la juu, povu la EPO (povu jepesi lakini gumu), mabawa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, mota isiyo na brashi na betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli 3. Bodi yake sina ugomvi nayo. EPO ni gumu kuliko EPP, povu lingine linalonyumbulika zaidi, kwa hiyo haliyumbi angani, na likivunjika hukatika vipande safi vinavyorudishwa kwa supaglu. (Usijaribu hivyo kwenye EPS, ile nyeupe ya kufungashia televisheni: supaglu ya kawaida huiyeyusha.) Bomba la kaboni ndani ya bawa linafika karibu nusu ya kila upande. Ishike ndege kwa ncha mbili za mabawa, uinyanyue na betri ikiwa ndani. Bawa likijipinda kama upinde, bomba ni fupi au halipo. Hii ilijipinda kidogo tu.

Ubahili umeingia kwenye pua. Kibao cha plastiki kinachobeba mota kimegandishwa kwenye povu kwa gundi chache, tena plastiki yenyewe ina uso unaoteleza kama kioo, gundi haishiki. Ikitua kwa pua mara kadhaa, gundi inaachia bila ufa wowote kuonekana nje. Dalili ni ndege kuanza kuvuta upande mmoja na sauti ya mota kuwa ya kukwaruza, kwa sababu mota haielekei tena pale ilipopangwa. Shika ekseli ya propela uitikise: kibao kikicheza hata kidogo, kibandue, kwaruza plastiki kwa msasa, kisha gandisha kwa epoksi ya dakika 30. Ya dakika 5 hukauka kabla haijapenya vizuri. Pima pia kama pande mbili za propela zina uzito sawa. Propela isiyo sawa huua beringi na kulegeza skrubu.

Sevo (mota ndogo zinazosogeza vibawa vya kuongozea) ni za gramu 9, giya za plastiki. Washa mitambo, ushike ukingo wa eleveta (kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) uisukume juu na chini kwa kidole. Yangu ilicheza karibu milimita 2, nyingi mno kwa ndege mpya. Nilibadilisha ya eleveta tu, nikaweka ya giya za chuma, maana ndiyo ikikatika meno huna la kufanya ila kuitazama ikishuka.

Bawaba za vibawa hivyo ni povu lililofinywa jembamba, na huanza kuchanika mwishoni mwa ukingo. Bandika utepe wenye nyuzi upande wa juu. Usipake supaglu kwenye mkunjo, itaukausha ukatike.

Miguu ya waya inashika vizuri kwenye lami, ila kwenye majani marefu hung'oa kitako chake. Kidhibiti kasi cha ampea 30 hakipati joto la kutisha. Chaja ya kwenye boksi ni ya polepole na haionyeshi volti za kila seli, tafuta nyingine. Betri ikijaa ni volti 4.2 kwa seli, ya kuweka kabatini 3.8, na ikivimba usiichaji tena. Usiiache ndege ndani ya gari lililopigwa jua, povu hutoa malengelenge na bawa hupinda.

Ningeinunua tena, mradi pua na mkia vinauzwa peke yake kama vipuri.