"Valvu si ulishawekewa?"

Nilisema sitaandika maoni kuhusu hospitali hii. Ila kila nikilala ubavu wa kushoto na kuisikia hii valvu ya moyo ya chuma inagonga, tik, tik, namkumbuka yule kaka wa dirishani.

Valvu yangu ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe. Ndiyo kwanza nimeolewa, nataka watoto, na daktari hakunificha: ya chuma inadumu, lakini utameza warfarini, ya kuzuia damu kuganda, maisha yako yote, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ya ng'ombe itachakaa, tena kwa kijana huchakaa mapema. Nikachukua ya ng'ombe. Nikapata wawili. Sijutii.

Mwaka juzi hivi pumzi ikaanza kukata. Ngazi tatu tu, nasimama. Usiku nalalia mito minne. Miguu ikavimba hadi nikaenda hospitali na kandambili za mume wangu. Nimefika dirishani hali hiyo, yule kaka, macho kwenye kompyuta: "Dada, mfumo unaonyesha valvu ulishawekewa. Unataka nyingine ya nini? Ile umeifanyaje?"

Umeifanyaje! Utadhani simu nimeidondosha chooni. Foleni nzima ikanigeukia. Mara kalete barua, barua haina muhuri, mwenye muhuri kaenda kunywa chai. Ningekuwa na pumzi siku ile, angenitambua.

Nyota moja. Lakini nisiwe mwizi wa fadhila, wale wapasuaji ni watu wengine kabisa. Mara ya pili ni kazi ngumu kuliko ya kwanza: kovu la zamani linaugandisha moyo na mfupa wa kifua, inabidi waubandue polepole kama chapati iliyoshika kikaangoni. Halafu nesi wa usiku, kila nikitaka kukohoa ananikandamizia mto kifuani: "Kohoa mama, nimekushika." Huyo tano. Hata sita.

Kwenye chakula walinichanganya. Mmoja kanikataza matembele kabisa kwa kuwa yanapunguza nguvu ya warfarini, mwingine kasema kula, ila kiasi kilekile kila wiki. Nimemfuata huyu wa pili, na INR yangu, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, inakaa kwenye 2.5 hadi 3.5 waliyonipangia.

Nilikuwa nimeshafika nyota nne, kweli. Siku ya kuruhusiwa nikarudi dirishani kumalizia bili. Yuleyule. Kanipa risiti, kanitazama kwa mara ya kwanza: "Hii nayo uitunze, dada."

Moja. Kliniki ya damu ni wiki ijayo, nitapanga dirisha la pili hata foleni ikifika getini.