Huduma ya picha za mifupa inayoanza kwa kuuliza

Nilianguka nikajikinga kwa kiganja, na usiku huohuo kifundo cha mkono wa kulia kikavimba. Kituo cha kwanza nilichokwenda kilipiga picha moja tu ya eksirei, ya mbele, kikaniambia mfupa ni mzima. Siku ya tatu nilishindwa hata kufungua kifuniko cha chupa, ndipo nikaenda kituo cha pili, ambacho ndicho ninachokizungumzia hapa.

Mpiga picha wa kituo hicho aliniuliza kwanza nilivyoanguka, kisha akabonyeza kile kishimo kinachojitokeza chini ya dole gumba linaponyooshwa, nami nikashtuka kwa maumivu. Alinieleza kwamba hapo ndipo ulipo mfupa mdogo uitwao skafoidi, ambao ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye eksirei za siku za mwanzo. Alipiga picha nne, mojawapo mkono ukiwa umeinamishwa upande wa kidole cha mwisho ili mfupa huo uonekane kwa urefu wake, kwa kuwa ufa uliojificha ukitazamwa mbele huweza kujitokeza ukitazamwa ubavuni.

Kilichonipa imani zaidi ni ripoti. Daktari wa radiolojia aliandika kwamba haoni ufa, lakini akaongeza kuwa picha hizo haziwezi kuuondoa uwezekano wake. Kwa sababu hiyo nilifungwa plasta kana kwamba mfupa umevunjika: damu ya skafoidi huingia hasa kupitia upande ulio karibu na vidole, na ufa usiotulizwa unaweza kuikatiza hadi kipande kilicho mbali na vidole kikafa.

Siku ya 12 nilipigwa MRI, kipimo kisichotumia mionzi na kinachoonyesha hata maji yaliyojikusanya ndani ya mfupa ulioumia. Hapa nina lawama, kwani hakuna aliyenitahadharisha kwamba ningelala kifudifudi, mkono umenyooshwa mbele ya kichwa, kwa karibu nusu saa, na kwa mtu mwenye bega bovu hilo ni jambo zito.

Hata hivyo nilikabidhiwa picha zote pamoja na ripoti zake, na daktari wa mifupa alipoziweka sambamba, alifuata kwa ncha ya kalamu mstari mwembamba uliokatiza katikati ya skafoidi, mahali palepale mpiga picha alipobonyeza siku ya kwanza.