Mashine, gia na propela: kipi ununue kwa chombo chako hapa Tanga

Kaa pale soko la samaki la Deep Sea jioni, sikiliza watu wanaojipanga kununua mashine ya boti. Swali ni lile lile: ninunue ya farasi 15 au ya 40? Hakuna anayeuliza mguu wa hiyo mashine, yaani sehemu ya chini inayobeba gia na propela, una uwiano gani wa gia, wala propela iliyofungwa ni ya inchi ngapi. Halafu mwezi mmoja baadaye unamkuta mtu analalamika kwamba mashine mpya inakunywa mafuta, plagi zinatoka nyeusi tii, na mashua inaachwa na jirani mwenye mashine ndogo kuliko yake.

Mwongozo huu unaanzia mwisho na kurudi mwanzo. Tunatazama chombo kwanza, kisha propela, kisha gia. Farasi, yaani nguvu ya mashine, wanakuja mwisho.

Chombo chako kinakata maji au kinapanda juu yake?

Mashua ya mbao yenye mkuku, iliyobeba wavu, barafu na watu, inakata maji. Haitoki juu hata uifunge mashine ya meli. Mwendo wake una ukomo, na ukomo huo unapigiwa hesabu: chukua urefu wa chombo kwenye mstari wa maji kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Mashua ya futi 25 inakupa 5 mara 1.34, yaani noti 6.7 (maili za bahari kwa saa). Nguvu utakayoongeza hapo inaishia kuinua wimbi kubwa nyuma ya tezi (sehemu ya nyuma ya chombo) na kumaliza petroli.

Boti ya faiba yenye sakafu bapa ni habari nyingine. Hiyo ikipata nguvu ya kutosha inapanda juu ya maji na kuteleza, na hapo ndipo mashine kubwa inapolipa.

Namba mbili zilizopigwa kwenye propela

Igeuze propela utazame karibu na kitovu. Utakuta kitu kama 9 1/4 x 9. Namba ya kwanza ni upana wa duara kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye mbao. Maji si mbao, kwa hiyo sehemu ya safari hiyo hupotea. Boti nyepesi inayoteleza hupoteza asilimia 10 hadi 20. Mashua nzito inaweza kupoteza karibu nusu, na hilo peke yake si ugonjwa.

Sasa gia. Uwiano wa 2.08 maana yake mashine inazunguka mara 2.08 ndipo propela izunguke mara moja. Mashine ikiwa kwenye raundi 5,000 kwa dakika, propela iko kwenye 2,404. Uwiano ukiwa 2.92, propela inazunguka 1,712 tu, lakini kwa msukumo mkubwa zaidi, kwa hiyo inaweza kubeba propela pana.

Weka hayo pamoja kwa ile mashua ya futi 25. Unataka noti 6.5, na unakubali kupoteza asilimia 45. Propela basi ipangwe kwa mwendo wa noti 11.8 kwenye karatasi. Zidisha kwa 1,215 (inchi ambazo noti moja huenda kwa dakika), gawa kwa raundi za propela. Kwa gia ya 2.08 jibu ni pichi ya karibu inchi 6. Kwa gia ya 2.92 ni inchi 8 na kidogo. Nenda dukani uulize propela ya pichi 6 ya mashine ya 15 uone utakavyotazamwa. Kwenye rafu utakuta 9 na kuendelea, ukibahatika 8. Shida yote ya mashua zetu imekaa hapo: mashine nyingi zinakuja na propela iliyofikiriwa kwa boti nyepesi, sisi tunaifunga kwenye chombo cha mbao kilichojaa dagaa.

Kwa mashua ya mbao, futi 20 hadi 28

*Namba moja: Yamaha Enduro ya 15, tu-stroki (ile ya kuchanganya oili kwenye petroli), na propela ya pichi 8.* Kwa hesabu tu ningeiweka ya pili, maana gia yake ni 2.08 na hata pichi 8 bado ni ndefu kidogo. Lakini vipuri vyake vinapatikana, na fundi wa Sahare au Kigombe anaifungua akiwa anapiga soga. Ukipewa ikiwa na propela ya pichi 9 3/4 au 10, kataa papo hapo na uombe ya 8. Kitabu chake kinataka raundi 4,500 hadi 5,500 ikifunguliwa yote. Kwa propela ndefu kwenye mashua nzito haifiki huko, na mashine inayokabwa chini ya raundi zake ndiyo inayojaza masizi, kuchemka na kula pistoni. Watu husema "imechoka" wakati bado mpya.

*Namba mbili: 9.9 ya foo-stroki yenye gia nzito.* Yamaha wana T9.9 ya 2.92, Mercury wana ya kwao ya 2.42 wanayoiita Command Thrust. Farasi wachache, propela pana, msukumo wa kweli. Haichanganywi oili kwenye mafuta, na kwa siku nzima ya mwendo wa pole utaona tofauti kwenye dumu. Ni nzito zaidi kuinua, bei yake iko juu, na mara nyingi itabidi uagize. Kama una mashua moja, unatunza vitu vyako na unamwamini nahodha wako, mimi ningekushauri hii bila kusita. Ila hakikisha muuzaji anaonyesha propela ya akiba na pampu ya maji yake kabla hujatoa hela. Tazama pia karatasi isomeke gia ya hiyo nzito, kwa sababu 9.9 ya kawaida ya Mercury ni 2.08, na kwa macho ni ndugu mapacha.

*Namba tatu: dizeli ya ndani yenye gia boksi ya 3 kwa 1.* Kwa kusukuma mzigo haina mpinzani: dizeli inazunguka 2,400, shafti inazunguka 800, propela kubwa inasukuma polepole. Kinachoishusha ni pwani yetu yenyewe. Maji yakipwa wakati wa bamvua, chombo kinalala kwenye mchanga na mwamba, na shafti iliyotokeza chini ndiyo inayoumia kwanza. Mashine ya nje unainua mguu, basi.

*Ya mwisho: 40 kwenye mashua ya mbao.* Najua zipo, na najua wenye nazo watanichukia. Tu-stroki ya 15 ikifunguliwa yote hula takriban lita 6 kwa saa, ya 40 hula 15 na zaidi. Unalipia tofauti hiyo ili upate noti moja, pengine isifike, na ubao wa tezi unaanza kulegea misumari. Sababu moja naikubali: mtu anayevuta chombo kingine, au anayerudi dhidi ya kusi kila siku.

Kwa boti za faiba

Hapa ya 40 inarudi na heshima yake, kwa propela ya pichi 11 hadi 13: 11 ukibeba wavu na barafu, 13 ukiwa unakwenda mtupu. Kwa anayepeleka wageni visiwa vya Toten na Yambe, au kutoka Pangani kwenda kisiwa cha Maziwe, 60 ya foo-stroki inafaa, na hapo Yamaha wanauza mbili zenye nguvu ile ile: F60 ya gia 1.85 na T60 ya gia 2.33. Boti nyepesi ya watu wanne, chukua ya kwanza. Boti ndefu ya abiria na makoti ya kuokolea, T60 haina mjadala.

Mapanga matatu au manne? Matatu yanatosha wengi. Manne yanashika maji vizuri boti ikiwa nzito au bahari ikichafuka, ila raundi zinashuka kidogo, kwa hiyo punguza pichi inchi moja. Chuma cha pua kinapendeza na hakipindi kirahisi, lakini hapa ukigonga mwamba kinapeleka pigo moja kwa moja kwenye gia. Nunua aluminiamu mbili kwa hela ya hiyo moja, moja iwe ya akiba chomboni.

Ukinunua mtumba

Mguu wa mashine hubadilishwa kirahisi kuliko kichwa, na kibandiko cha pembeni hakikuambii kilichomo ndani. Hesabu mwenyewe. Chomoa kamba ya kuzimia, toa plagi zote ili mashine izunguke kwa mkono, tia gia ya mbele. Weka alama ya chaki kwenye gurudumu la juu na nyingine kwenye panga moja la propela. Zungusha gurudumu kuelekea upande linakozunguka mashine ikiwaka, na mwenzako ahesabu propela hadi imalize mizunguko 10. Gurudumu likizunguka karibu mara 21, hiyo ni 2.08. Likifika 29, umepata 2.92. Ukipata namba ambayo haimo kwenye kitabu cha mashine hiyo, mguu ni wa mashine nyingine, na bei ishuke au uondoke.

Kisha propela. Ndani ya kitovu kuna mpira unaobeba kishindo. Ukichoka, mashine inapiga kelele na boti haiendi. Piga mstari wa rangi unaovuka kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, ingia baharini, fungua yote, rudi. Mstari ukiwa umekatika vipande viwili visivyokutana, mpira umekwisha.

Pima pia urefu wa tezi. Mguu mfupi ni wa tezi ya inchi 15, mrefu ni wa 20. Lile bapa lililo juu ya propela liwe usawa mmoja na sehemu ya chini ya chombo. Likiwa juu sana propela inavuta hewa, na utaisingizia gia bure.

Kabla hujamalizana na muuzaji

Azima takometa (kipimo cha raundi), pakia chombo kama unavyokwenda kazini, wavu, barafu na watu, kisha fungua yote asubuhi bahari ikiwa imetulia. Raundi zikiwa chini ya zile za kitabu, punguza pichi. Kila inchi hurudisha takriban 200. Zikipita, ongeza. Usijaribu na chombo kitupu, maana majibu yake hayatakufaa siku ya samaki. Mkubaliane mapema kwamba propela isiyofikisha raundi inabadilishwa ikiwa haijakwaruzwa, na hilo liandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya mashine, uwiano wa gia, na upana na pichi ya propela uliyoondoka nayo.