Madarasa ya watu wazima katika majiji ya Uganda: fungu lipo, ila halijileti

Anayetaka kuanzisha darasa la watu wazima jijini, au kulinusuru linalokufa, mara nyingi hukosea mlango. Huenda ofisi ya elimu. Huko huambiwa kwa adabu kwamba kazi yao ni shule za UPE (elimu ya msingi kwa wote), walimu na mitihani, naye hurudi nyumbani akiamini kuwa jiji halina fungu la watu wazima. Fungu lipo, lakini mlango wake ni mwingine. Nchini Uganda elimu ya watu wazima iko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, si Wizara ya Elimu na Michezo, na mpangilio huo umeteremka hadi jijini. Huko Arua, Gulu, Jinja, Mbarara na majiji mengine yaliyopandishwa hadhi kuanzia Julai 2020, kazi hii hukaa idara ya maendeleo ya jamii. Kwa Kampala, kazi hii iko katika kurugenzi ya KCCA (Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala) inayosimamia jinsia, huduma za jamii na uzalishaji. Mtu wa kumtafuta ni afisa maendeleo ya jamii wa divisheni (sehemu ya jiji yenye baraza lake), yule ambaye kila mtu humwita CDO.

Tathmini hii inaitazama huduma kwa jicho la kikundi kinachoiomba: kinapata nini, fedha zinapitia wapi, zinakwama wapi.

Kinachotolewa kwanza. Mpango wa zamani, FAL, ulianza mwaka 1992 ukilenga kusoma, kuandika na kuhesabu kwa manufaa ya maisha ya kila siku: kusoma kipimo cha dawa, kupiga hesabu ya mauzo, kutia sahihi badala ya dole gumba. Siku hizi jina linalosikika ofisini ni ICOLEW. Huu unaunganisha kusoma na kuhesabu, maarifa ya biashara, stadi za kujipatia kipato, pamoja na kuweka na kukopa ndani ya kikundi. Kwa mji, mabadiliko haya ni mazuri kweli. Mama wa sokoni haachi meza yake kwa muda wa saa mbili kwa ajili ya herufi peke yake, lakini atakuja ikiwa siku hiyohiyo kuna sanduku la akiba na hesabu ya hisa zake. Madarasa yenye sanduku huhifadhi watu vizuri kuliko yasiyo nalo, na kikundi kinachoanza leo kisiliache hata kama ofisi haijalitaja. Kwa upande wa stadi, Kampala ina bahati ya kuwa na shamba la mafunzo la KCCA kule Kyanja, ambako kilimo cha mjini huonwa kwa macho.

Haja bado ni kubwa. Utafiti wa kaya wa taifa wa 2019/20 ulionyesha kuwa asilimia 76 ya watu wenye miaka 10 na zaidi wanajua kusoma na kuandika. Maana yake, karibu mmoja katika kila wanne hajui.

Sasa fedha. Vyungu ni vitatu, na kuvichanganya ndiko kunakoangusha maombi mengi.

Chungu cha kwanza ni ruzuku yenye masharti kutoka serikali kuu kwa ajili ya maendeleo ya jamii. Ndani yake elimu ya watu wazima hukaa pamoja na mabaraza ya wanawake, ya vijana na ya watu wenye ulemavu, na maktaba za umma. Wote hula sahani moja. Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa mfumo ulipo. Shule ya UPE ina kiwango kwa kila mtoto, kwa hiyo watoto wakiongezeka hesabu nayo hupanda. Darasa la watu wazima likiongeza wanafunzi 20, fungu halitikisiki. Jiji lenye divisheni mbili hugawa ruzuku hiyo mara mbili, kisha katika wodi (kata za mjini), na kinachofika darasani huwa chaki, madaftari machache na ziara ya ukaguzi.

Chungu cha pili ni mapato ya ndani: ushuru wa soko, leseni za biashara, kodi ya majengo, maegesho. Hiki ndicho kisichotumiwa ipasavyo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, katika jiji ni divisheni inayokusanya mapato hayo. Hubaki na asilimia 50 na kupeleka asilimia 50 kwa baraza la jiji. Kwa maneno mengine, diwani wa divisheni anakaa juu ya nusu ya ushuru unaolipwa na wafanyabiashara walewale wanaotaka darasa. Fedha hizi hazina masharti makali kama ya ruzuku, na posho ya mwezeshaji inaweza kutoka humo ikiwa imeandikwa katika mpango kazi wa divisheni. Kampala ni tofauti: KCCA hukusanya kwa pamoja na bajeti yake hupita Bungeni, kwa hiyo hoja ya huko hupelekwa kwenye kurugenzi na kwa madiwani wa mamlaka mapema zaidi.

Cha tatu ni DDEG, fedha za maendeleo. Zinafaa kukarabati jengo la kituo cha kujifunzia, kuweka madirisha, choo au sakafu. Hazifai posho wala chaki. Ombi linalochanganya mabati na posho katika karatasi moja linaweza kukataliwa lote, hata kama nusu yake ilikuwa halali. Andika mawili.

Neno kuhusu PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ngazi ya parokia (mjini huitwa wodi), maana kila kikao kinautaja. Shilingi milioni 100 zinazotengwa kwa kila parokia kwa mwaka ni mtaji wa mkopo kwa kaya, hadi shilingi milioni 1 kwa kaya moja, kupitia SACCO. Si fedha za darasa, na CDO hana ruhusa ya kuzigeuza. Ila darasa linaweza kuwa mahali pa kusomea fomu za mkopo, kuelewa riba na kujua tarehe ya kurejesha. Hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kumshawishi ofisa wa parokia alitengee darasa nafasi katika ratiba yake.

Kalenda ndiyo inayoamua. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na watu wengi hupeleka barua Juni, wakishasikia hotuba ya bajeti redioni. Wakati huo mlango umefungwa kitambo. Waraka wa kwanza wa bajeti hutoka Wizara ya Fedha katikati ya Septemba. Siku ya Kusoma na Kuandika Duniani ni 8 Septemba, na majiji huiadhimisha kwa maandamano na hotuba. Inauma kuona wanafunzi waliovaa fulana mpya siku hiyo hawajaambiwa kwamba wiki inayofuata ndipo meza ya mipango inapofunguliwa. Kati ya hapo na Novemba hufanyika vikao vya LC1 (baraza la kijiji au mtaa), vya wodi na vya divisheni, kisha mkutano wa bajeti wa jiji. Mapendekezo ya mfumo wa bajeti ya taifa hufika Bungeni kabla ya 31 Desemba. Bajeti yenyewe hupelekwa Bungeni kabla ya 1 Aprili na kupitishwa kabla ya 31 Mei. Baada ya Desemba unaweza kuongeza sentensi, si fungu jipya.

Kwa hiyo hatua ni hizi. Agosti, kikundi kijisajili kwa ofisi ya maendeleo ya jamii kikiwa na katiba yake, orodha ya wanachama, muhtasari wa mkutano na barua ya mwenyekiti wa LC1. Cheti cha usajili kina muda wake, na kilichokwisha muda ndicho kisingizio cha kwanza cha kuwekwa kando. Septemba, mwenyekiti wa LC1 aliingize darasa katika muhtasari wa kikao cha kijiji kama kipaumbele, kwa maandishi. Kipaumbele kilichosemwa kwa mdomo hakisafiri hadi wodi. Oktoba, watu wawili wa kikundi wahudhurie kikao cha divisheni wakiwa na gharama ya ukurasa mmoja. Mmoja wao awe mwanafunzi, si mwezeshaji. Diwani humsikiliza mpiga kura wake.

Ukurasa huo ndio unaostahili jasho. Chukua darasa la watu 30, siku tatu kwa juma, muda wa saa mbili kila siku, majuma 36. Hivyo ni vipindi 108. Kwa chaki tatu kila kipindi unahitaji 324, yaani makasha manne ya chaki mia. Madaftari manne kwa kila mtu ni 120. Penseli mbili kwa mtu ni 60, dazeni tano. Kitabu kimoja kwa watu wawili ni vitabu 15, pamoja na mwongozo mmoja wa mwezeshaji. Karatasi moja ya plaiwudi ya futi nane kwa nne ikikatwa katikati hutoa mbao mbili za futi nne kwa nne, moja ya ukutani na moja ya kubeba siku darasa likihamia sokoni. Lita moja ya rangi ya ubao inatosha zote mbili, na ibaki ya kurudia mwaka ujao. Darasa la jioni liongeze taa mbili za sola. Kisha nauli ya mwezeshaji mara 108. Weka bei za duka la mtaani, si za kukisia, na ugawe kila kitu kwa robo mwaka: mbao, vitabu na rangi robo ya kwanza, chaki na madaftari kila robo.

Mgawanyo huo una sababu. Fedha hutolewa kwa robo, na mara nyingi hufika robo ikiwa imeshakatika. Manunuzi nayo yana taratibu zake. Kilichoachwa hadi robo ya nne hukimbizana na 30 Juni, na fedha ambazo hazijatumika siku hiyo hurudi katika Mfuko Mkuu wa serikali. Mbao zilizopangwa Mei mara nyingi haziji kabisa.

Sehemu tunayoilaumu bila kusita ni mwezeshaji. Tangu siku za FAL amekuwa mtu wa kujitolea: baiskeli safari hii, fulana safari ile, posho ndogo ikiwepo. Kijijini anaweza kuvumilia, ana shamba. Jijini analipa kodi ya chumba kila mwezi, na boda boda ikimpa zaidi kwa saa mbili zilezile, ataondoka, na darasa litaondoka naye. Huo ndio mwisho wa madarasa mengi ya mjini, na mara nyingi hutokea baada ya miezi kadhaa, si siku za mwanzo. Kikundi kiwe na wawezeshaji wawili wanaopokezana, na nauli iandikwe kama kifungu kinachojitegemea, isifichwe chini ya “shughuli nyingine”. Iliyofichwa huko hukatwa kwanza.

La pili ni kipimo. Ripoti ya robo ya idara huhesabu wanafunzi waliofundishwa, kwa hiyo jina lililoandikwa siku ya kwanza huendelea kuhesabiwa hata mwenyewe akiacha kuja. Bajeti ya mwakani hupangwa juu ya hesabu hiyo. Weka madaftari mawili: moja la kujiandikisha, moja la mahudhurio ya kila kipindi, na mwishoni andika wangapi wamefaulu jaribio la kusoma aya moja na kutoa chenji. Kikundi chenye madaftari hayo kina hoja ambayo ofisi yenyewe haina.

Lugha ni jambo la tatu, na mjini ni zito. Vitabu vya FAL vilifuata lugha za maeneo. Lakini Walukuba pale Jinja, au mitaa ya Arua karibu na soko, darasa moja linaweza kuwa na lugha tano, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, kwa hiyo ombi la darasa la Kiswahili si la ajabu tena. Lakini muulize CDO lugha ya vitabu alivyonavyo kabla hujasaini kuvipokea. Vikija vya lugha isiyozungumzwa darasani, vitakaa sandukuni, na katika ripoti vitahesabiwa vimetolewa.

Kwenye uwazi, huduma inapata alama nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Wizara ya Fedha huweka bajeti na fedha zilizotolewa kila robo katika tovuti budget.finance.go.ug. Mbao za matangazo za jiji zinapaswa kubandika vivyo hivyo, na katika vikao vya Baraza (mikutano ya hadhara ya uwajibikaji), vilivyoanzishwa mwaka 2009 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, mwananchi ana haki ya kuuliza fedha zilikokwenda. Tovuti ikionyesha jumla ya ruzuku bila kufika darasani, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005. Mwandikie karani wa jiji, uliza mambo matatu tu: robo iliyopita idara ilipokea kiasi gani kwa elimu ya watu wazima, kiasi gani kilikwenda kila divisheni, na kilinunua nini. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ana siku 21 za kujibu. Akinyamaza hadi zipite, sheria huhesabu kunyamaza huko kuwa kukataa, na nakala ile yenye muhuri ndiyo utakayoibeba kwenda mahakama ya hakimu mkuu.