Ploti ya mstatili au ya msambamba?

Ukitafuta ploti Kisauni au Likoni, Mombasa, dalali atakwambia kwa mdomo mtamu: "Mita 20 kwa 10, yote ni mamoja." Si mamoja.

Mstatili wa 20 kwa 10 una eneo la mita mraba 200 na mzingo wa mita 60. Sasa usukume ulale uwe msambamba, yaani pande zinazotazamana bado ziko sambamba ila pembe si mraba tena, na pande zibaki na urefu ule ule. Mzingo bado ni 60, kwa hivyo seng'enge ni bei ile ile. Lakini kimo kikishuka hadi mita 8, eneo ni 20 × 8, yaani 160. Mita mraba 40 zimeyeyuka, chumba na sebule hizo! Pima kimo kilichosimama wima juu ya kitako, si ubavu uliolala.

Kwenye vigae mstatili unashinda. Kwenye msambamba, vigae hukatwa-katwa pembeni.

Ila kule Mji wa Kale, kichochoro kikikata mshazari, nyumba ya msambamba hukifuata bila kuacha pembetatu ya bure. Na ukilipia eneo lililopimwa sawasawa, ulalo haukuibii ardhi, ua tu ndio hurefuka: kitako 20, kimo 10, ubavu 12.5, eneo ni 200 zile zile, mzingo 65.